Kifaranga Anayekufa na Njaa Mbele ya Chakula

Leo nataka tuzungumze juu ya kifaranga asiyetaka kula. Kama una vifaranga bandani, au unangoja kuletewa wiki hii, sogea karibu na redio. Na mwite pia yule anayewalisha kila siku, hata kama ni mtoto wa shule, maana mara nyingi yeye ndiye mfugaji mwenyewe.

Nitaanza na kosa langu. Miaka michache iliyopita mama mmoja katika kijiji ninachohudumia alinunua vifaranga 100 wa kuku wa mayai. Fedha zilikuwa za mkopo wa kikundi cha akina mama. Vifaranga walisafiri kwa basi tangu alfajiri, wakafika jioni, na mvua ilikuwa inanyesha. Mama akawaweka bandani juu ya maranda, akawasha taa moja ya chemli, na chakula akakiweka katika chombo kirefu cha mbao pale karibu na mlango.

Siku ya pili nilipita. Nikawakuta vifaranga wamejikunyata kwenye kona, wanalia. Nikatazama kidogo tu, nikasema, "Mama, hawa wana ugonjwa wa tumbo, nunua dawa uwawekee kwenye maji." Mama akaniamini, akanunua. Dawa ilikuwa chungu, na vifaranga wakapunguza hata yale maji kidogo waliyokuwa wakinywa.

Siku ya nne asubuhi walikufa 6. Siku ya tano wakafa 14. Siku ya sita wakafa 11. Jumla 31. Majirani wakaanza kusema ni mdondo, wengine wakasema ni jicho baya la watu. Ndipo nilipofanya nililopaswa kufanya tangu mwanzo: nikachukua waliokufa, nikawapasua. Gole lilikuwa tupu. Firigisi ilikuwa na vipande vya maranda tu. Kile kiini cha yai kinachobaki tumboni mwa kifaranga kilikuwa kimekwisha kabisa. Hapakuwa na ugonjwa wowote niliouona. Vifaranga wale walikufa na njaa, na chombo cha chakula kilikuwa kimejaa, hatua tatu tu kutoka pale walipolala.

Mama akaniuliza, "Bwana shamba, mtoto anakufaje na njaa na chakula kipo?"

Siku ile sikuwa na jibu la kumpa. Niliomba radhi tu, nikarudi chuoni kusoma na kuuliza. Leo nataka nimjibu, nanyi msikie.

Kwanza tujue kwa nini walianza kufa siku ya nne na si ya kwanza. Kifaranga anapototolewa huwa bado amebeba tumboni sehemu ya kiini cha yai. Hicho ndicho chakula chake cha safari, humtunza kwa siku mbili tatu hivi. Ndiyo sababu kifaranga wa siku moja anaweza kusafirishwa mbali bila kula na asife. Lakini akiba hiyo ikiisha kabla hajajifunza kula, hana pengine pa kukimbilia. Kwa hiyo, ndugu mfugaji, ukiona vifaranga wazima wanaanza kufa kwa wingi siku ya nne na ya tano, usikimbilie dukani kununua dawa. Kwanza shika gole.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Sisi tunadhani njaa iko tumboni. Tumbo likiwa tupu, mtu anakula, likijaa, anaacha. Sivyo ilivyo. Tumbo hupeleka habari tu. Anayeamua ni ubongo. Chini kabisa ya ubongo wa kuku iko sehemu ndogo sana ambayo wataalamu huiita haipothalamasi. Kwa kifaranga haifiki hata ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini hapo ndipo ofisi ya njaa na shibe ilipo. Hata joto la mwili na kiu husimamiwa huko huko.

Ofisi yoyote ina matarishi wa kupeleka barua, sivyo? Na ofisi hii ina matarishi wake. Ni kemikali ndogo ndogo zinazotoka katika mshipa mmoja wa fahamu na kuingia katika mwingine. Wako wengi, lakini leo nitawataja watatu tu.

Tarishi wa kwanza ni wa njaa. Jina lake ni nuropeptidi Y. Mwili ukikosa chakula, tarishi huyu huongezeka ubongoni, na kazi yake ni kusema, "Kula! Kula!" Wataalamu walipomtia kidogo ndani ya ubongo wa vifaranga walioshiba, vifaranga wale walirudi kwenye chakula na kuanza kula upya.

Tarishi wa pili ni wa shibe. Ubongoni wako wanaoitwa melanokotini, na kutoka matumboni huja mwingine aitwaye kolesistokinini, ambaye hutolewa utumbo unapopokea chakula. Habari zake hupanda kwenda kichwani kwa njia ya mshipa mrefu wa fahamu unaounganisha tumbo na ubongo. Hawa husema, "Inatosha, pumzika."

Tarishi wa tatu ndiye aliyeua vifaranga wa yule mama. Huyu ni tarishi wa mfadhaiko. Kifaranga akipigwa na baridi, akitikiswa safarini, akishtushwa na kelele, akitengwa na wenzake, au akichelewa kupata maji, ubongo wake humtuma tarishi huyu kutangaza hatari. Na tangazo la hatari husimamisha mambo mengine. Vifaranga waliotiwa kemikali hii ubongoni walipunguza kula mara moja, hata wale waliokuwa na njaa. Hebu jifikirie wewe mwenyewe: ukiwa unakimbizwa na nyati, utakumbuka ugali uliobaki sufuriani?

Basi kifaranga mwenye baridi yuko hivyo hivyo. Tumbo lake linaita, lakini kichwani tangazo la hatari linapigwa kwa nguvu kuliko wito wa njaa. Anajikunyata na wenzake, anatafuta joto. Chakula kilicho karibu na mlango ni kama hakipo. Hilo ndilo jibu la yule mama. Mtoto anakufa na njaa na chakula kipo kwa sababu kichwa chake kimeambiwa kwamba huu si wakati wa kula.

Wako watakaosema, "Bwana shamba, haya ni mambo ya maabara." Ngojeni niwape mfano. Mwaka 1957, katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Virginia huko Marekani, Profesa Paul Siegel alianza na kuku wa aina moja, wale weupe waitwao White Plymouth Rock. Akawagawa. Upande mmoja kila kizazi alichagua wale wazito zaidi wafikapo wiki 8, na upande wa pili akachagua wepesi zaidi. Baada ya vizazi zaidi ya 40, upande mmoja ulikuwa unazidi mwingine uzito zaidi ya mara kumi, na babu zao ni wale wale. Tofauti kubwa ilikuwa katika hamu ya kula. Wale wazito walikula kupita kiasi hata ikabidi wapimiwe chakula. Na katika wale wepesi, baadhi ya vifaranga hawakutaka kula kabisa, wakafa siku za mwanzo chakula kikiwa mbele yao. Ilionekana pia kwamba wakipata baridi na kucheleweshewa chakula mara baada ya kutotolewa, hali inazidi kuwa mbaya, hata yule tarishi wa njaa akitiwa ubongoni hawamwitikii.

Vifaranga wetu si wa ukoo ule. Lakini ofisi iliyo kichwani ni ile ile, na baridi ya masika inaifikia vile vile.

Mfano huu unatufundisha pia juu ya kuku wa nyama. Kuku wa nyama wa kisasa amechaguliwa kwa vizazi vingi ili akue upesi, na pamoja na kukua ilikuja hamu kubwa ya kula. Ndiyo maana kuku wazazi wa aina hiyo hupimiwa chakula. Wakiachiwa wale watakavyo hunenepa mno, miguu huumia na mayai hupungua. Kuku wa kienyeji hayuko hivyo. Kwa hiyo usimlaumu kuku wako wa kienyeji ukisema mvivu wa kula. Kichwa chake kimepangwa vingine.

Na hapa naomba tuache tabia ya kumpima kuku kwa kipimo cha binadamu. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani waligundua kemikali iitwayo ghrelini, ambayo hutoka tumboni. Kwa binadamu na panya, ghrelini huleta njaa. Wengi walitazamia kwamba kwa kuku itakuwa vivyo hivyo. Walipoitia katika ubongo wa vifaranga, vifaranga wakaacha kula! Barua ni ile ile, lakini ofisi ya kuku inaisoma kinyume. Tena inaonekana inapitia kwa yule yule tarishi wa mfadhaiko. Kwa hiyo mtu akikuambia, "Waache wakae na njaa kwanza, ndipo watakula vizuri," usimsikilize. Kifaranga aliyenyimwa chakula siku ya kwanza hajengi hamu ya kula. Anajenga udhaifu.

Sasa tuje kwenye kazi. Nitasema polepole, mwenye kalamu aandike.

La kwanza, joto. Washa jiko la mkaa au taa saa kadhaa kabla vifaranga hawajafika, ili sakafu na maranda viwe na joto. Wiki ya kwanza joto la pale walipo vifaranga liwe nyuzi 32 hadi 35 za Selsiasi, kisha punguza nyuzi 3 hivi kila wiki. Huna kipimajoto? Vifaranga wenyewe ni kipimajoto. Wakirundikana karibu na jiko, wana baridi. Wakikimbilia ukutani, wakiachama midomo na kutanua mbawa, wamezidiwa na joto, na kifaranga mwenye joto kali naye hapendi kula, kwa sababu kusaga chakula huongeza joto mwilini. Wakibanana upande mmoja, kuna upepo unapita. Wakitawanyika sawasawa kama mbegu iliyomwagwa kwa mkono mzuri, hapo umepata. Lakini jihadhari: mkaa hutoa hewa yenye sumu. Acha nafasi juu ya ukuta hewa itoke.

La pili, mduara. Usiwaache vifaranga waenee banda zima. Wazungushie ukuta mfupi wa maboksi, mikeka au bati, wenye umbo la duara bila kona. Kona ndiyo mahali pa kurundikana na kukanyagana. Ndani ya mduara kifaranga hawezi kupotea mbali na joto, maji na chakula.

La tatu, maji kabla ya chakula. Vifaranga wakifika wape maji safi yasiyo baridi. Chukua wachache, chovya ncha ya mdomo wa kila mmoja kwenye maji, wengine wataiga. Wakisha kunywa, ndipo uweke chakula. Na maji ya siku ile ya kwanza usiyatie dawa chungu bila sababu. Nilikwisha kuwaambieni dawa yangu ilifanya nini.

La nne, chakula kiwe pale pale walipo. Siku tatu nne za mwanzo usitumie chombo kirefu cha pembeni peke yake. Weka trei mbili au zaidi kwa kila vifaranga 100, na tandaza karatasi ngumu yenye kukwaruza, kama ya mfuko wa saruji uliosafishwa vizuri, unyunyize chakula juu yake. Usitumie karatasi laini inayoteleza, itawalemaza miguu. Chakula kiwe cha vifaranga, chenye chenga ndogo ndogo. Kikiwa vumbi tupu huwaganda mdomoni. Weka kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kila unapoweka kipya, wanaamka na kuja kudonoa.

La tano, kuwa mama yao. Mmemwona kuku mwenye vifaranga. Akipata mchwa hamli upesi. Anadonoa na kuangusha, anadonoa na kuangusha, huku anaita ko-ko-ko, na watoto wanakuja mbio. Kifaranga hazaliwi akijua chakula ni kipi. Anazaliwa akijua kudonoa tu. Ndiyo maana wale wangu walijaza firigisi maranda. Wewe uliyenunua vifaranga bila mama yao, ni wewe mama. Gonga karatasi kwa ncha ya kidole, tak-tak-tak, karibu na chakula. Watakuja. Watu watakucheka wakikuona umeinama bandani unagonga karatasi. Wacha wacheke.

La sita, mwanga. Siku mbili tatu za kwanza wawe na mwanga karibu usiku kucha, ili waone chakula na maji. Baadaye wazoeshe giza kidogo kidogo.

La saba, na hili ndilo kubwa kuliko yote: shika gole. Jioni ya siku ya kwanza, na tena asubuhi ya siku ya pili, kamata vifaranga 20 kutoka sehemu mbalimbali za mduara. Papasa taratibu pale chini ya shingo. Gole lililojaa huwa mviringo na laini, kama uji mzito ndani ya kitambaa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa kama maji matupu, amekunywa bila kula. Likiwa bapa, hajapata kitu. Jioni ile ya kwanza angalau 16 katika 20 wawe na chakula. Asubuhi ya pili karibu wote, 19 katika 20. Wakipungua hapo, usilale. Tazama joto, tazama upepo, sogeza trei, gonga karatasi. Na wale wadhaifu watenge kwa pamoja, wawili watatu au zaidi, karibu na joto. Usimtenge mmoja peke yake, maana upweke nao humpa kifaranga mfadhaiko.

Kuna jambo moja zaidi juu ya chakula chenyewe. Ubongo wa kuku hutambua chakula kilichopungukiwa. Zamani, katika miaka ya 1890, daktari wa Kiholanzi Christiaan Eijkman alikuwa kisiwani Java, katika mji ambao leo huitwa Jakarta. Aliona kuku waliolishwa wali mweupe uliokobolewa sana wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye ganda lake wakapona. Baadaye ilijulikana kwamba katika lile ganda mna vitamini B1, na kazi ile ilimpatia Eijkman sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Sasa, katika dalili za mwanzo za kukosa vitamini hiyo ni kuku kupoteza hamu ya kula. Anakosa, hali, asipokula, anazidi kukosa. Kwa hiyo usilee vifaranga kwa makombo ya wali au chenga za mchele peke yake. Changanya: pumba nzuri, mashudu, dagaa, chokaa ya mifugo, na chumvi kwa kiasi. Na kitu chenye ukungu usimpe kuku, hata kama unaona hasara kukitupa.

Mwisho, msije mkanielewa vibaya. Sisemi kila kifaranga asiyekula ana baridi. Ugonjwa nao huondoa hamu ya kula, kwa sababu mwili unaopigana na vijidudu hupeleka habari zake kwenye ofisi ile ile. Tofauti iko katika wakati na dalili. Siku za kwanza, gole tupu, hakuna kuharisha: tafuta kosa la malezi kwanza. Lakini kama walikuwa wanakula vizuri, kisha wakaacha ghafula, wakaharisha damu, au wakakohoa na kupinda shingo, hiyo ni habari nyingine. Mwite mtaalamu wa mifugo upesi. Na chanjo ya mdondo usiisahau; dawa ya kuutibu mdondo hakuna.

Yule mama hakukata tamaa. Alilea wale 69 waliobaki, akalipa sehemu ya mkopo kwa mayai yao, na mwaka uliofuata akaagiza vifaranga 100 wengine. Safari hii nilifika kabla yao. Tuliwasha jiko mchana, tukatengeneza mduara wa maboksi, tukatandika karatasi. Walipofika jioni tuligonga karatasi wote wawili, mimi upande huu na yeye upande ule. Saa tatu usiku akakamata kifaranga, akapapasa shingo, akasema, "Huyu amekula." Akashika mwingine, "Huyu naye." Alihesabu mpaka 20, na 18 walikuwa na kitu goleni. Katika kundi lile walikufa 3 tu.

Kabla sijaondoka aliniambia neno moja ambalo nami nawaachia ninyi. Alisema, "Kumbe kuwawekea chakula si kuwalisha."

Basi, ndugu wakulima, wiki hii kabla ya kulala, ingia bandani na ushike gole.